Re: Baba ana moyo dhaifu, usiku anashtuka na hofu

Pole sana dada. Nimekuelewa, mzee hapo Igoma kaambiwa moyo hausukumi damu vizuri, sasa usiku anakurupuka anahema, mchana hataki hata kutoka nje na ndugu wanasema karogwa. Hajarogwa. Mi nimemuuguza mama na tatizo hilohilo.

Iko hivi, moyo ukichoka ubongo unaona kama kuna hatari, unaamrisha neva zimwage adrenalini (kemikali ya mwili ya kujihami), mapigo yanaenda mbio, jasho linamtoka, mwili unakaa muda wote kama wa mtu anayefukuzwa na kiboko. Hofu inakuja tu hata kama hana anachoogopa, na hiyo hofu nayo inauongezea moyo mzigo.

Ila usiite kila kitu hofu. Akikosa pumzi akilala chali huenda ni maji kwenye mapafu, muinue na mito, mpime uzito kila asubuhi akishakojoa, ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3 au miguu ikivimba mrudishe kliniki fasta. Dagaa wa chumvi aache jamani, najua huku kwetu ni mtihani.

Dawa za kupunguza mapigo asiache ghafla. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia duka la dawa usimpe kabisa, vinaweza kumpunguzia pumzi. Hiyo hofu mwambieni daktari wazi, inatibika, hospitali ya Bugando hapo Mwanza wapo madaktari wa moyo na wa afya ya akili pia.

Kifua kikibana, midomo ikigeuka bluu au akizimia usisubiri kukuche, na bodaboda hapana, tafuta gari aende amekaa wima.