Maswali na Majibu: Kuanza na Linux bila Kupoteza Kazi Zako

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Mashine zetu ni za zamani, zote zina Windows 10, na fundi ametuambia kwamba haziwezi kupokea Windows 11, kwa hiyo tujiandae kununua nyingine. Mwalimu mwenzangu ananishauri tuweke Linux, yaani mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Je, ni kweli kwamba ni ya bure? Tuanze na ipi, na mitihani tuliyoiandika kwa Word itafunguka? — *Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Mwalimu, kuhusu Windows 11 inawezekana fundi wenu yuko sahihi, kwa sababu mfumo huo unadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa prosesa za Intel, kizazi cha 8 na kuendelea, sifa ambazo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Alipozidisha ni pale aliposema mnunue nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta zenu zitaendelea kuwaka na kufanya kazi, ila udhaifu mpya unaogunduliwa hautarekebishwa tena, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza, na hilo ni jambo la kuangaliwa kwa uzito katika chumba ambacho kila mwanafunzi anaingia na flashi yake.

Linux ni ya bure kweli, na ubure wake umeandikwa katika leseni. Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, na mwaka uliofuata aliiweka chini ya leseni ya GPL, ambayo inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kuwagawia wengine. Kwa shule yenu maana yake ni kwamba mkishaipakua mara moja, flashi hiyo hiyo mnaweza kuitumia kwa mashine zote za darasa bila kuvunja sheria, tofauti na zile Windows zilizochakachuliwa ambazo mafundi wa mitaani hutupigia kwa bei ya soda na ambazo wakati mwingine huja na virusi vyake ndani. Gharama yenu ni bando la kupakua faili la takriban gigabaiti 3, pamoja na muda.

Kuhusu ipi ya kuanza nayo, usipotee katika orodha ndefu ya matoleo. Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ndiyo inayojulikana zaidi, lakini hata toleo lake la 24.04 linataka RAM ya gigabaiti 4 angalau na nafasi ya gigabaiti 25, na kwenye mashine iliyochoka utaiona ikijikokota. Mimi ningewashauri muanze na Linux Mint yenye sura ya Xfce. Imejengwa juu ya Ubuntu, hivyo maelekezo mengi ya Ubuntu yanaifaa. Inakubali RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo zinazofaa kwa kazi ya kweli. Na menyu yake iko pale chini kushoto ambapo wanafunzi wamezoea kuitafuta. Matoleo ya Mint 22 yatapata masasisho hadi mwaka 2029. Hakikisheni tu kwamba prosesa zenu ni za biti 64.

Pakua faili hilo lenye kiambishi cha ISO kutoka tovuti ya Linux Mint yenyewe, si kutoka kwa mtu aliyelituma kwenye kundi la WhatsApp. Likiisha kushuka, lihakiki, kwa maana mtandao ukikatika-katika faili huweza kufika na kasoro ambayo utaigundua katikati ya usakinishaji. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda lilipo faili, kisha andika *certutil -hashfile*, jina la faili, na neno *SHA256*. Utapata mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, ambao unapaswa kulingana kabisa na ule uliochapishwa kwenye tovuti. Baada ya hapo tumia programu ya Rufus kuliandika faili kwenye flashi ya gigabaiti 8. Kulinakili tu kama unavyonakili picha hakutasaidia, na ujue kwamba kila kilichokuwamo kwenye flashi hiyo kitafutika.

Sasa ifuatayo ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, nami nakuomba usiiruke. Zima kompyuta, chomeka flashi, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuanzia. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, kwa HP ni Esc kisha F9. Mint itafunguka ikiwa nzima kutoka kwenye flashi, bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski yako. Keti nayo hapo kwa nusu saa. Cheza wimbo usikie kama spika zinatoa sauti, unganisha Wi-Fi, punguza mwanga wa skrini, chomeka projekta, chapisha ukurasa mmoja kwa printa ya ofisi, na ufungue mtihani mmoja halisi uliouleta kwenye flashi ya pili. Ukizima mashine, kila ulichobadilisha kwenye Mint hiyo ya majaribio kinatoweka na Windows inarudi kama ulivyoiacha. Kama kuna kifaa ambacho hakikubali, ni afadhali ukijue siku hiyo kuliko asubuhi ya mtihani.

Mitihani ya Word itafunguka kwa LibreOffice, ambayo tayari imo ndani ya Mint. Tatizo la kweli mara nyingi ni fonti, yaani aina ya herufi. Hati iliyoandikwa kwa Calibri au Cambria huhitaji fonti za Carlito na Caladea, ambazo ni za bure na herufi zake zina upana ule ule, ili mistari isisogee na swali la 10 lisirukie ukurasa wa pili. Times New Roman na Arial nazo hupokewa na fonti za Liberation kwa namna hiyo hiyo. Majedwali yenye visanduku vingi na maumbo ya kuchora bado yanaweza kuyumba kidogo, kwa hiyo karatasi ya mwisho itoe katika PDF kabla ya kuipeleka kuchapishwa.

Anza na mashine moja tu, si chumba kizima, na kabla ya kusakinisha nakili kazi zote kwenye diski ya nje, kisha uifungue diski hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kwamba faili zimo kweli. Chaguo la kufuta diski nzima hufuta kila kitu bila huruma. Wapo watakaokuambia kwamba lazima kwanza ujifunze amri za kuandika. Wasikutishe: kusakinisha programu, kusasisha mfumo na kuongeza printa kwenye Mint hufanyika kwa kipanya, na amri utajifunza taratibu kadiri zinavyohitajika.

SWALI: Nina steshenari ndogo Kisumu. Natengeneza kadi za harusi kwa Photoshop, naweka hesabu zangu kwa QuickBooks, na kila siku wateja wananiletea flashi zenye virusi vinavyogeuza folda zote kuwa njia za mkato. Nihamie Linux? — *Mwenye duka, Kisumu*

JIBU: Ndugu yangu, mashine inayokupa riziki usiiguse. Photoshop haina toleo la Linux, na QuickBooks ya kusakinishwa kwenye Windows nayo haina. Ipo programu iitwayo Wine, inayoziwezesha baadhi ya programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux, lakini sitamshauri mtu aweke hesabu za biashara yake juu ya jambo ambalo leo linakubali na kesho linagoma. GIMP ya kuhariri picha na Inkscape ya kuchora ni za bure na zina uwezo mkubwa, hata hivyo mkono uliozoea Photoshop utahitaji wiki kadhaa kuzizoea, na mteja wa kadi hasubiri.

Kwa hizo flashi, hata hivyo, Linux itakufaa sana. Tafuta kompyuta ya pili, hata iliyochakaa, uisakinishe Mint, na uifanye iwe ndiyo ya kupokelea flashi za wateja. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows: huzificha folda za mteja na kuweka mahali pake njia za mkato ambazo ukizibofya zinakiendesha kirusi. Ukiichomeka flashi hiyo kwenye Linux, kwa kawaida folda halisi zinaonekana, kwa sababu alama ya kufichwa ya Windows haizingatiwi huko; wakati mwingine utazikuta zimerundikwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili hati za mteja, futa njia za mkato pamoja na faili ngeni zenye kiambishi cha vbs, kisha uchapishe kutoka hapo hapo. Printa nyingi za HP zinakubaliwa moja kwa moja, na Epson hutoa viendeshi vya Linux, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kukitumia kifaa, kwa printa zake nyingi, lakini ijaribu ya kwako kwanza kwa flashi kama nilivyomweleza mwalimu wa Morogoro.

SWALI: Je, Linux ipo kwa Kiswahili? — *Msomaji, Bukavu*

JIBU: Ipo kwa sehemu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ukishasakinisha Ubuntu unaweza kuongeza Kiswahili kwenye mipangilio ya lugha, ila utakuta menyu zilizotafsiriwa zimechanganyika na zilizobaki kwa Kiingereza, kwa kuwa tafsiri hizo hufanywa na watu wanaojitolea na Waswahili waliojitokeza ni wachache. Wewe wa Bukavu pengine utaona wepesi zaidi kuchagua Kifaransa, ambacho tafsiri yake imekamilika kwa kiasi kikubwa.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Unguja. Nimeweka Mint pembeni ya Windows kwenye laptopu yangu na zote zinafunguka, lakini Mint haioni Wi-Fi kabisa, na sasa kila nikirudi Windows saa inakuwa nyuma kwa saa tatu. Nimeharibu nini? — *Mwanafunzi, Unguja*

JIBU: Marahaba. Hujaharibu kitu.

Kadi ya Wi-Fi ambayo haionekani kabisa mara nyingi huwa ya kampuni ya Broadcom, ambayo baadhi ya viendeshi vyake haviji pamoja na mfumo. Ili kuvipakua unahitaji intaneti, na ndiyo hiyo usiyokuwa nayo. Lakini simu yako ya Android inatosha. Iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kushirikisha intaneti, na uwashe chaguo la USB. Mint itaichukulia simu kama mtandao wa waya. Kisha fungua kwenye menyu programu inayosimamia viendeshi, isubiri itafute, chagua kiendeshi inachokupendekezea, na uwashe upya mashine. Kama haikupendekezei chochote, fungua dirisha la amri, andika *lspci*, na utuandikie mstari unaotaja mtandao.

Saa nayo ina maelezo mepesi. Ndani ya laptopu kuna saa ndogo inayoendelea hata mashine ikizimwa. Windows huamini kwamba saa hiyo inasoma wakati wa mahali ulipo, ilhali Linux huiweka katika wakati wa ulimwengu, na kwa kuwa Afrika Mashariki tumetangulia wakati huo kwa saa tatu, Windows ikiisoma inabaki nyuma kwa saa hizo hizo tatu. Ukiwa kwenye Mint andika amri *timedatectl set-local-rtc 1*, kisha ingia Windows uirekebishe saa mara moja. Baadaye ukiandika *timedatectl* peke yake utaona onyo kwamba mpangilio huu haupendekezwi. Kwa laptopu yenye mifumo miwili ndani ya nchi isiyobadilisha saa kwa majira, onyo hilo halina athari kwako. Siku ukiamua kuiondoa Windows, andika ile amri ya kwanza ukiweka 0 mahali pa 1.