Pazia la mwanga pekee halitoshi kwenye presi ya zamani

Ndugu, umeuliza kama presi yako ya haidroliki ya miaka ya 1980, inayoendeshwa kwa pedali na vali moja ya umeme, itakuwa salama ukiifungia pazia la mwanga, yaani safu ya miale inayoamuru mashine isimame mkono unapoikatiza. Kwa maoni yangu haitakuwa salama, kwa sababu pazia hutoa amri ya kusimama tu. Vali hiyo moja ikikwama kwa uchafu wa mafuta, kichwa cha presi kitaendelea kushuka juu ya mkono wa mtu ilhali pazia limetimiza wajibu wake barabara. Anzia kwenye vali: funga mbili za mfululizo, zenye vihisi vinavyothibitisha kwamba kila moja imerudi mahali pake, na uziunganishe na rilei ya usalama (swichi maalumu inayosimamisha mashine ikigundua hitilafu), si na kidhibiti cha kawaida cha mashine.

Kisha upime muda halisi wa kusimama, mafuta yakiwa na joto la kazini (takwimu za kiwandani za mashine iliyochakaa mimi siziamini). Kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine, ISO 13855, huchukulia kuwa mkono husogea milimita 2000 kwa sekunde; hivyo mfumo mzima ukichukua sekunde 0.2 kusimama, pazia linalotambua kitu cha milimita 14 likae angalau milimita 400 kutoka eneo la hatari.

Pedali ningeiondoa. Vitufe vya mikono miwili, vinavyotakiwa kubonyezwa ndani ya nusu sekunde, ni bora zaidi, ingawa humlinda mwendeshaji peke yake. Wakati wa kubadilisha kalibu, weka nguzo ya chuma chini ya kichwa, kwani kuzima pampu hakuzuii kichwa kushuka kwa uzito wake.