Maswali na Majibu: Kijana Anayeishia Njiani

Maswali ya wiki hii yote yametoka Tanga mjini na viunga vyake, na yote yanawahusu vijana wa sekondari wanaokata tamaa.

Mwanangu yuko kidato cha pili. Mpira aliacha, ngoma za skauti akaacha, sasa hata tuisheni ya hisabati haitaki. Ni uvivu? – Mama, Makorora

Pole, mama. Usimwite mvivu bado. Kubadili anachokipenda ni jambo moja, kukimbia kazi ikiwa ngumu ni jingine. Mwanasaikolojia Angela Duckworth na wenzake huko Marekani waliyapima yote mawili kwa pamoja mwaka 2007. Mwaka 2017 Marcus Credé na wenzake walipopitia tafiti nyingi za kipimo hicho, waliona kinachoendana zaidi na maendeleo ya shule ni kung'ang'ania kazi, si kushikilia jambo lilelile miaka nenda rudi. Kwa hiyo mpira na ngoma visikuumize kichwa, umri huo ni wa kuonja onja. Fuatilia hisabati: aliacha lini, baada ya nini? Mara nyingi kuna mada ilimpita, akauliza, akachekwa.

Nenda kwa mwalimu wake wa hisabati, mtoto akiwepo, mkubaliane jambo moja dogo la mwezi huu, mfano kurudia sehemu na asilimia. Akilitimiza, sifia alivyohangaika. Ile "wewe kichwa!" tunayoipenda ina madhara: watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa akili walilegea upesi baada ya kushindwa, kuliko waliosifiwa juhudi.

Mimi mvuvi wa dagaa, usiku niko baharini, mchana nalala. Niliishia la saba. Binti yangu wa kidato cha tatu nitamsaidia nini? – Baba, Sahare

Si lazima uijue kemia, baba. Mwambie akueleze alichojifunza. Pale atakapokwama kueleza, atajua mwenyewe pa kurudia. Siku za mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa na mkabaki nchi kavu, hizo ndizo zenu. Na nenda shuleni siku ambayo hujaitwa. Kwetu mzazi akionekana getini, watoto huulizana nani kakosa au nani anadaiwa mchango. Wewe nenda kusalimia tu, umuulize mwalimu wa darasa anamwonaje.

Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 70. Tunaambiwa mwalimu awe karibu na kila mwanafunzi ili asikate tamaa. Huo ukaribu nitaujenga saa ngapi? – Mwalimu, Pongwe

Kwa wote hutaweza, na anayekuambia unaweza hajawahi kusahihisha madaftari 70. Gawaneni ofisini, kila mwalimu achukue watoto watano au sita. Ila angalieni mnaanza na nani. Walimu huwapenda wanaojituma, hivyo ukimwona mwenye bidii yuko karibu na mwalimu, huwezi kujua kipi kilitangulia. Anzeni na walionyamaza nyuma.

Viboko havijengi uvumilivu? Sisi vilitufunza. – Babu, Chumbageni

Shikamoo, babu. Vinajenga woga wa kukosea, na mwenye woga huo swali gumu haligusi.

Wazazi wangu hawapo, naishi kwa shangazi. Wenzangu wanasukumwa na baba na mama. Mimi ndiyo basi? – Binti, Ngamiani

Hapana, mdogo wangu. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Miongoni mwa waliokulia katika shida nyingi, takriban theluthi moja walikuwa watu wazima wenye kujiweza. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali, na hakuwa lazima mzazi: bibi, shangazi, mwalimu.

Wako ni nani? Kama kazi za jioni zinakumalizia muda, mwombe shangazi saa moja ya kusoma. Akisita, mwambie mwalimu wa malezi aongee naye. Ombi la mwalimu nyumbani huwa zito kuliko la mtoto.