Faili la kupeleka nyumbani kwa watoto wa darasa la kwanza

Mwalimu mwenzangu, umeuliza namna ya kupanga mafaili ambayo watoto wa darasa la kwanza hubeba kwenda nyumbani, ili barua za wazazi zisipotee njiani. Huku kwetu Rungwe, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, jambo la kwanza ni faili lenyewe: nunua la plastiki lenye kifungo, linaloingiza karatasi ya A4 bila kuikunja, kwa sababu la karatasi ngumu litalowa kabla mtoto hajafika kwao. Ndani liwe na mifuko miwili tu, wa kushoto kwa karatasi zinazobaki nyumbani na wa kulia kwa zile zinazorudi shuleni zikiwa zimesainiwa. Na kwa kuwa wengi wao hawajajua kusoma, bandika picha ya nyumba upande mmoja na ya shule upande wa pili. Nakusihi usilitume kila siku. Litoke Ijumaa, lirudi Jumatatu, maana mzazi anayeshinda shambani akichuma chai hupata nafasi ya kulipitia mwishoni mwa juma. Mtoto anayelelewa na bibi asiyejua kusoma, mkabidhi ndugu yake wa darasa la juu barua hiyo amsomee bibi.