Kuanza na pgloader: kutoka MySQL kwenda PostgreSQL

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kuhamisha hifadhidata ya duka kwa pgloader, programu ya kuhamishia data kwenda PostgreSQL. Tengeneza kwanza hifadhidata tupu ya PostgreSQL: createdb duka. Kisha amri moja (msomaji ni jina la mtumiaji wa MySQL, siri ni nywila yake):

pgloader mysql://msomaji:siri@localhost/duka postgresql:///duka

MySQL 8.0 ikikataa kukuingiza, mara nyingi kosa si nywila. Matoleo mengi ya pgloader hayaelewi caching_sha2_password, njia ya kawaida ya MySQL 8 ya kuthibitisha nywila. Fungua mtumiaji wa muda wa mysql_native_password (njia ya zamani), umpe ruhusa ya kusoma tu.

Tarehe za 0000-00-00 zitageuka NULL (thamani tupu). Na safu wima ya aina ya tinyint(1) inakuwa boolean (kweli au si kweli), kwa hiyo swali lako la "hai = 1" litagoma; andika "hai = true". Ukiona kama majedwali yamepotea, yatafute kwenye skima (kundi la majedwali ndani ya hifadhidata) yenye jina la hifadhidata ya zamani, siyo public, skima ya kawaida ya PostgreSQL.

Tafadhali usizime MySQL kabla hujalinganisha count(*), yaani idadi ya rekodi, ya kila jedwali pande zote mbili.