Zawadi za Sikukuu: Wasomaji Wanauliza, Tunajibu

Swali: Ndugu Mhariri, kazi yangu ya kusambaza bidhaa hunipeleka Mbeya kwa gari mara mbili kila mwezi. Hata hivyo, kila Desemba, siku moja kabla ya kupanda basi la kwenda Rombo, hukimbilia Kariakoo nikanunua vitenge, beseni na biskuti, vitu ambavyo mama yangu angevipata bila shida Mkuu au Tarakea. Mwaka huu natamani kumpelekea yeye na dada zangu zawadi zenye maana. Ninunue nini huko njiani? *Msomaji wa Kimara, Dar es Salaam*

Jibu: Ndugu yetu, umeshajijibu nusu ya swali, kwa maana unapita kila mwezi mahali ambapo ndugu zako wa Rombo pengine hawatafika maishani mwao. Zawadi yako inafaa iwaletee kipande cha huko, nawe uweze kuwaeleza kilitoka mikononi mwa nani na kilitengenezwaje. Anza Novemba, maana wiki ya mwisho kabla ya Krismasi haimpi mtu nafasi ya kuchagua.

Kwa dada zako, simama Iringa ununue vikapu vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa Kihehe. Kikapu kipya huwa na rangi ya kijani kibichi iliyofifia na hunukia majani. Kadiri kinavyotumika na kukaa, hugeuka rangi ya asali, na hapo ndipo uzuri wake unapokamilika. Usichague kwa kuangalia marembo peke yake. Kitazame kitako kwa ndani, ambako msukaji alianzia kazi, uone kama misuko imebanana na haiachi mwanya wa kupitisha ncha ya kidole, kisha kiinue kwa mpini huku umekijaza vitu vizito. Ukimkuta msukaji mwenyewe, mpe oda ya vikapu vya ukubwa tofauti uvichukue katika safari ijayo, na usimkandamize kwenye bei, kwa sababu kazi hiyo humlia siku nyingi. Uvisafirishe vikiwa vikavu na visirundikwe chini ya mizigo, maana unyevu huvitia ukungu.

Kwa mama, mimi ningechagua chungu cha Wakisi. Vyungu hivi hufinyangwa na wanawake wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, kisha hupelekwa kwa mitumbwi hadi Lyulilo, karibu na Matema, ambako kuna soko la Jumamosi. Matema ni mbali kidogo na njia yako, lakini vyungu hivyo hupatikana pia katika masoko ya Mbeya. Kigonge kwa kifundo cha kidole: chungu kizima hutoa mlio unaoendelea, ilhali chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Mwaka mmoja nilimpelekea shangazi yangu chungu kizuri bila kumweleza jinsi ya kukianza, akakibandika kikavu kwenye moto mkali wa kuni, kikapasuka kabla ya maharage kuiva, na uso wake wa siku ile bado ninao moyoni. Kwa hiyo mweleze mama akiloweke maji usiku kucha, halafu achemshe ndani yake uji mwepesi kwa moto mdogo kabla ya kukipikia chakula. Njiani kifunge kwa nguo na ukipakate. Buti la basi si mahali pake.

Ukiwa Mbeya ongeza mchele wa Kyela kwa ajili ya pilau ya sikukuu. Muuzaji akikwambia ni wa Kyela, omba kikombe kimoja ukakipike kabla ya kununua gunia, kwa sababu jina hilo hubandikwa kwenye mchele wa kila mahali, na harufu yake ndiyo shahidi. Wakati wa kurudi, pale Ruaha Mbuyuni, chukua vitunguu.

Nawe usirudi Dar mikono mitupu. Kama mzee ana kahawa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, mwombe kilo chache kabla hajaipeleka yote kwenye chama cha ushirika, uzitafutie mtu wa kuzikaanga vizuri, umwachie yeye nusu. Wako wakulima wengi wa Kilimanjaro waliozeeka wakiuza kahawa na kunywa chai, na mzee kuonja kahawa ya mibuni yake mwenyewe ni zawadi ambayo hakuna duka linaloiuza.

Swali: Assalaam aleikum. Nimezaliwa Wete, Pemba, nimeolewa Maskati. Likizo hii naja nyumbani, na nikirudi wakwe zangu na majirani watatazamia zawadi. Nilifikiria halua na karafuu. Je, ni sawa? *Msomaji wa Maskati, Oman*

Jibu: Waaleikum salaam, dada yetu. Halua iache. Unakwenda kwa watu wanaoipika kwa fahari na kumkaribishia kila mgeni kwa kahawa, na yako italinganishwa na ya kwao tangu kijiko cha kwanza.

Karafuu peleka, lakini kiasi cha jikoni tu. Biashara ya karafuu Zanzibar iko chini ya usimamizi wa serikali kupitia shirika lake la ZSTC, na kusafirisha kwa magendo ni kosa, hivyo nunua zilizofungwa dukani na utunze risiti. Kama wewe ni mtoto wa Wete, hukosi kujua kwamba karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua. Kwa hiyo chagua zenye vichwa vyake, zisizochanganywa na makonyo, yaani vijiti vyake. Ibonyeze moja kwa ukucha, na mafuta yakichomoza, basi ni nzuri.

Kwa baba mkwe na mashemeji, zawadi kubwa ni kofia ya kushonwa kwa mkono. Waomani wana kumma yao, ambayo ni ndugu wa kofia yetu, kwa hiyo wataitambua kazi mara wakiiona: vijitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, pande zote zikilingana. Kofia ya namna hiyo huchukua wiki nyingi, na nzito zaidi huchukua miezi. Pima vichwa vyao kwa uzi leo, utume vipimo Pemba kabla hujasafiri.

Kwa mama mkwe, mpelekee doti ya kanga, na hapa nakusihi usome jina kabla ya kulipa. Rangi inaweza kukuvutia ukasahau kwamba maneno ndiyo yatakayofika kwanza, na Maskati wapo wengi wanaosoma Kiswahili. "Nani kama mama" humpendeza kila mzazi. "Hasidi hana sababu" hata ikiwa na pindo la kupendeza namna gani itazua swali nyumbani kwako. Iache doti bila kukatwa, ili aikate na kuipinda mwenyewe. Watoto watosheke na ubuyu. Ukioneshwa kitu chochote cha gamba la kasa, kikatae, kwani kasa analindwa na sheria, na forodhani utanyang'anywa.

Swali: Wazazi wangu ni walimu wastaafu, wote walifundisha historia. Nyumba yao imejaa vitu. Naweza kuwapa safari badala ya zawadi ya kushika? *Msomaji wa Morogoro*

Jibu: Waweza, na ningekushauri Bagamoyo, mji waliouandika ubaoni miaka yote hiyo. Wapande treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha uwatafutie gari kutoka Dar, kwani Bagamoyo ni mwendo wa kilometa 70 hivi. Walale huko, ili asubuhi, kabla jua halijawa kali, wafike magofu ya Kaole, penye msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, na baadaye misheni ya Wakatoliki, ambako mwili wa Livingstone ulipitishwa mwaka 1874 ukielekea Zanzibar na hatimaye Uingereza.

Lipa kila kitu mapema, hadi chakula, kwa sababu mzazi akiona bei ataanza kukuhurumia na safari itaharibika. Usiwapangie saa nyingi. Wakikaa kivulini Kaole wakibishana juu ya tarehe, waache wabishane. Nenda nao ukiweza, urekodi kwa simu wanavyosimulia. Na treni ikiondoka Morogoro, mama apewe kiti cha dirishani, aiangalie milima ya Uluguru mpaka itakapopotea.