Ukipewa oda ya sanamu ya mtu wa historia, usianze na sura

Nachonga na kufinyanga hapa Mwenge, Dar, miaka mingi sasa, na oda inayonitoa jasho kuliko zote ni ya kumtengeneza mtu aliyeshafariki, yaani mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwenye picha tu. Mwaka juzi kastoma alitaka Bibi Titi Mohamed, yule mama wa harakati za uhuru, kichwa mpaka kiunoni, nianze na udongo afu baadaye iende kwenye shaba. Nikafanya kama tunavyofanyaga wengi, nikapakua picha kwenye simu, nikaikuza mpaka mikunjo ya macho, wiki tatu nzima nahangaika na pua na midomo. Kastoma alipokuja akaizunguka kimya, akasema ni yeye kabisa, ila kama amelala. Iliniuma sana, maana alisema kweli.

Sasa wewe unayeanza nisikilize hapa. Nenda Posta, pale Samora, simama mbele ya ile sanamu ya Askari, iko pale tangu 1927, afu ukirudi nyumbani jaribu kuikumbuka sura yake. Haiji. Lakini anavyopiga hatua na bunduki yenye singe mbele, hata mtoto atakuigizia.

Mtu aliyenifungua macho zaidi ni Rodin, yule mchongaji wa Ufaransa. 1891 chama cha waandishi kilimpa kazi ya kumtengeneza Balzac, mwandishi aliyekufa 1850, Rodin mwenyewe akiwa bado mtoto. Alihangaika miaka saba. Alienda Tours alikozaliwa Balzac kuangalia watu wa huko wamekaaje, akamtafuta fundi aliyekuwa anamshonea nguo ili apate vipimo vya mwili wake, akachukua joho la kweli akalichovya kwenye plasta liwe gumu. Mwishoni akaacha karibu kila kitu, likabaki joho lililosimama kama mwamba na kichwa kimetupwa nyuma, macho mashimo tu. Watu walipoiona 1898 waliicheka na chama kikaikataa, yeye akaibeba akaenda kuiweka kwake Meudon. Ya shaba ilikuja kusimamishwa Paris 1939, mwenyewe ameshafariki tangu 1917. Mi naiona ndo sanamu ya mtu iliyo hai kuliko zote ninazozijua, na ukipima sura kwa picha haifanani kihivyo.

Basi nikaubomoa ule udongo wote. Bibi Titi kabla ya siasa alikuwa muimbaji kwenye vikundi vya lelemama, ile ngoma ya wanawake wa pwani, na hizo sauti na hao wanawake ndo alikuja nao kwenye chama cha TANU 1955, kwahiyo nikaenda Magomeni kwa bibi mmoja aliyecheza lelemama ujanani, nikamwomba asimame tu kama wanaanza. Akavuta kanga begani, kifua kikapanda, shingo ikatangulia kidogo kabla ya sauti kutoka. Hiyo shingo ndo nilikuwa naitafuta!

Kwahiyo kazi yako kubwa iko kwenye mfupa wa ndani. Nondo na waya wa kufungia vikunje kwa ule mwelekeo wa shingo na mabega kabla hujaweka hata donge moja, maana udongo ukishapanda hutaweza kurekebisha, utakuwa unadanganya juu juu tu. Ukimaliza kujaza, usiku zima taa, weka tochi upande mmoja uangalie kivuli ukutani, na kama kivuli hakimtaji mtu usiguse macho bado. Na alama za vidole ziache bwana, tusisugue kila kitu mpaka king'ae kama vinyago vya watalii.

Kabla ya kuipeleka nilimwita yule bibi aje kuiona. Akauliza mbona macho sijamalizia, nikamwambia yako hivyohivyo. Akaiangalia muda mrefu, afu mkono wake ukapanda wenyewe ukaivuta kanga begani.